Sauti ya Eusebio Mdomoni mwa Domino

"Kata! Kata! Eusebio, funga hilo domo!"

"Si mimi!"

"Si wewe nani? Hiyo sauti naijua kuliko ya mke wangu!"

"Dairekta, niangalie basi. Nakula!"

Na kweli alikuwa anakula. Eusebio Arrambide alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya ile baa ya mbao ya kuigizia filamu, ambayo ina mlango wa mbele tu na haina kingine chochote, shavu moja limevimba maharage na tortila, ile chapati ya mahindi. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, bonde la San Fernando, mwaka 1938. Dusty Calloway, kauboi mwimbaji, alikuwa juu ya farasi akimwahidi binti wa mwenye ranchi kwamba hatalala mpaka wezi wa ng'ombe wapatikane. Alipofika kwenye "sitalala", mtu akaanza kuimba.

Dairekta, Wendell Krause, akatupa kofia chini akaikanyaga. Ilikuwa ya tatu wiki hiyo. "Sasa kama si wewe, ni nani?"

"Ni farasi," akasema Dusty kwa upole, kama mtu anayeomba ashushwe.

Wote wakamgeukia farasi. Domino, mweupe mwenye madoa meusi, alimalizia ubeti, akapumua, akaingia wa pili.

Fundi wa sauti akavua vile vidude vya masikioni. "Amesogea mno kwenye maikrofoni," akasema. "Arudi nyuma hatua mbili."

Wakamrudisha hatua mbili. Kweli, ikasikika vizuri zaidi.

Inabidi ieleweke kwamba ile sauti haikuwa ngeni kwa mtu yeyote pale. Kwa miaka saba nyimbo zote za Dusty Calloway zilikuwa zinaimbwa na Eusebio. Anaingia chumba cha kurekodi Jumatatu, anaimba, sahani ya santuri inachongwa. Alhamisi sahani inapigwa jangwani na Dusty anafungua na kufumba mdomo juu ya tandiko. Dusty jina lake halisi lilikuwa Harold, mtoto wa daktari wa meno wa New Jersey, na alikuwa anaogopa farasi vibaya sana. Hakuwa mtu mbaya. Kila Krismasi alimletea Eusebio mswaki mpya.

Siku zilizobaki za wiki Eusebio alikuwa mtunza farasi na jambazi. Kwenye filamu kumi na moja alipigwa risasi na Dusty. Anaanguka, anakunja miguu vizuri isikanyagwe, halafu Dusty anavua kofia, anakaa karibu na maiti, anashika gitaa na kuimba. Kwa hiyo Eusebio alikuwa anakufa halafu anajiimbia mwenyewe, na jina lake halikuwepo popote. Si kwenye kuimba, si kwenye kufa.

Hilo ndilo lililomnyima raha, na sababu ilikuwa baba yake. Mzee Crescencio alikuwa na miaka themanini na moja, vakero wa zamani, mchunga ng'ombe wa kupanda farasi, na ndiye aliyemfundisha Eusebio zile nyimbo za kutuliza ng'ombe radi inapopiga. Kila Jumamosi mchana alivaa suti, akakaa safu ya mbele kwenye sinema ya mtaa wa Boyle Heights, na majina yalipoanza kupita mwanzoni mwa filamu alikaza macho. Macho yenyewe yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema mpaka Krismasi atabaki anatofautisha mchana na usiku tu, basi.

"Jina lako limepita?" aliuliza kila mara.

"Bado, baba."

"Nilikohoa kidogo pale mwanzo. Au limepita nikikohoa?"

"Hapana, baba. Halikupita."

"Basi wiki ijayo sikohoi."

Hilo la farasi kuimba halikuhitaji uchunguzi mrefu. Kila alfajiri kwa miaka saba Eusebio alikuwa anamsugua Domino kwa brashi huku akimwimbia, na kitu kikimiminwa kila siku mahali pamoja, mwishowe kinajaa. Daktari wa wanyama aliangalia koo, akasema liko safi, akaandika asali vijiko viwili asubuhi. Eusebio mwenyewe hakupungukiwa kitu. Sauti yake alikuwa nayo, na Domino alikuwa nayo.

Shida ni kwamba ikitoka kwa Domino ilikuwa na nguvu za kifarasi. Alipoimba, kofia zote ziliinuka kidogo juu ya vichwa, zikakaa hewani mpaka kiitikio kiishe, halafu zikarudi. Watu wa mavazi waliongeza kamba za kidevu. Ng'ombe wa kukodi walijipanga kwa urefu. Na ile miti ya miiba ya jangwani, ambayo ilikatwa kwa mbao nyembamba na kupakwa rangi ya kijani, ikachanua maua ya manjano.

Maua yalileta ugomvi, maana mbao ikichanua lazima imwagiliwe. Mafundi seremala wakasema mbao ni yao, asiiguse mtu. Watunza bustani wakasema maji ni yao. Vyama viwili vya wafanyakazi vikaleta viongozi wao kwenye magari mawili, wakabishana mpaka chakula cha mchana, wakakubaliana kwamba seremala atashika ndoo na mtunza bustani ataiinamisha. Kazi ikaendelea.

Dusty alifurahi kupita kiasi. Sasa hakuwa na haja ya kufungua mdomo. Alikaa tu juu ya tandiko, macho amefumba kwa woga, na watu kwenye kumbi za sinema wakaona ni hisia.

Filamu ikatoka mwezi wa sita. Texas walivunja mlango wa sinema. Kansas mchungaji mmoja alihubiri juu ya Domino Jumapili mbili mfululizo, akimsifu. Barua zikaja kwa magunia, nyingine zina karoti ndani. Waandishi wa magazeti wakamiminika zizini, na kila mpiga picha alisema neno lilelile: "We kijana wa farasi, toka kidogo kwenye picha." Eusebio, miaka arobaini na miwili, alitoka kidogo. Domino akamfuata. Eusebio akatoka tena, Domino naye huyo, mpaka wakafika ukutani wote wawili. Magazeti yalipotoka kesho yake, ubavuni mwa Domino palionekana mkono tu, umeshika brashi.

Jumamosi hiyo Mzee Crescencio alisikiliza filamu nzima bila kukohoa. Walipotoka nje alisimama juani, akafuta macho.

"Huyo farasi umemlea wewe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Inasikika. Pale juu anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Hiyo ni ya kwangu, nilikupa wewe." Akatembea kidogo. "Nimesoma jina la kauboi. Nimesoma la farasi. Herufi kubwa, nzuri, hata mimi nimeziona. Yaani mwanangu, farasi ameingia na wewe bado?"

Eusebio hakulala vizuri. Jumatatu alinyoa, akavaa suti ya harusi yake, akaenda ofisini kwa Bwana Pratt mwenye studio. Mzee alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye benchi la korido, kofia gotini, akasema atasubiri.

Ndani walikuwepo Bwana Pratt, mwanasheria wake, na Domino, aliyekuwa amesimama kwenye zulia. Ilikuwa siku ya mkataba. Walimpaka wino kwenye ukwato wa mbele, akapiga muhuri mahali palipowekwa alama. Miaka saba.

"Eusebio!" Bwana Pratt akainuka kwa furaha. "Umekuja wakati mzuri. Mwambie rafiki yako asile pazia."

"Domino, acha," akasema Eusebio, na Domino akaacha. "Bosi, nimekuja kuhusu jina."

"Jina la nani?"

"Langu. Mwanzoni mwa filamu. Liandikwe kwamba nyimbo zimeimbwa na Eusebio Arrambide."

Bwana Pratt akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akatazama kalamu yake.

"Wewe unajua utaratibu wetu," akasema Bwana Pratt. "Kwanza kauboi, halafu farasi, halafu binti. Hata mke wangu alicheza ile ya mwaka juzi. Hana kwato, akangoja nyuma ya farasi. Sasa mwenye sauti akae wapi? Hakuna mstari."

"Chora mstari."

"Kisheria," akasema mwanasheria, "sauti ni ya mdomo ilikotokea."

"Kwa hiyo miaka saba ilikuwa ya Dusty?"

"Kisheria."

"Na Dusty hajui kuimba hata akiwa bafuni! Mwulizeni. Haya, mwulizeni Domino hapa ni sauti ya nani."

Wakamwuliza, kwa sababu ofisini kwa Bwana Pratt kila mwenye mkataba alikuwa na haki ya kusema. Domino akatafuna kidogo kilichobaki cha pazia, akanyoosha shingo, akaweka pua yake katikati ya kifua cha Eusebio, akaiacha hapo. Mwanasheria aliandika kwamba shahidi amejibu.

Bwana Pratt akashusha sauti. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamwonea huruma kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Eusebio, ndugu yangu. Tunajua ni yako. Nani hajui humu ndani? Hata yule mama wa chai anajua. Kujua si tatizo."

"Tatizo ni nini?"

"Jina lenyewe. Arrambide, la Kihispania. Watu wa Oklahoma wamekubali kwamba farasi anaimba. Wamekubali bila shida, wanaleta karoti. Usiwatwishe mzigo mwingine."

Eusebio alifikiria jambo hilo. Kidogo kidogo mabega yake yakaanza kutikisika, mwanasheria akadhani analia, akampa leso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika shingo ya farasi asianguke.

Bwana Pratt naye akachangamka. "Ndivyo! Uchukulie hivyo hivyo. Na nina habari njema. Filamu ijayo, jambazi anamwiba farasi anayeimba. Ni wewe! Na safari hii jina linaandikwa. Mwishoni, herufi ndogo, lakini linaandikwa. Jambazi Pancho."

"Mimi siitwi Pancho."

"Jambazi ndiye anaitwa Pancho."

"Nakufa dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Zamani ilikuwa ya tisa."

"Ona sasa! Unapanda."

Eusebio akamrudishia mwanasheria leso yake, kavu. Akamfuta Domino wino kwenye ukwato kwa ncha ya suti ya harusi, akamnong'oneza kitu sikioni kwa Kihispania, na Domino akatikisa kichwa kukubali.

"Bosi, huyo Pancho mtafutie mtu mwingine," akasema. "Na brashi iko kwenye msumari wa tatu. Hapendi kusuguliwa tumboni."

"Unakwenda wapi? Eusebio! Leo Jumatatu, siku ya kurekodi!"

"Si una farasi?"

Akafungua mlango. Kwenye korido baba yake alisimama haraka, kofia mkononi, akiyakaza macho yake kutafuta uso wa mwanawe.

"Vipi? Wamekubali?"

"Wamekataa, baba."

Mzee akaketi tena taratibu.

Basi Eusebio akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti, akaanza kumwimbia ule wimbo wa ng'ombe na radi. Aliuanza kwa kujitaja, jina la kwanza, la baba, na la mama, yote matatu, kama wanavyofanya vakero wa kwao ili ng'ombe wajue ni nani anayewalinda. Mzee akafumba macho, akaanza kuitikia. Wapiga chapa wa ofisi za jirani wakaacha mashine zao.

Ndani, Bwana Pratt akamwashiria mwanasheria anyamaze, akasogeza kiti chake karibu na mlango ili asikie vizuri. Eusebio akamwona. Hakuacha kuimba. Akasimama, akarudi hatua moja, akaufunga mlango.