Mikono ya Kusukuma

Nakijwa anafumba macho kidogo tu, mikono ikiwa ndani ya udongo wa kufinyanga, barazani kwa mshauri wake Tumsifu, na sauti ya Tumsifu inamfikia kwa mbali ikisema pumua, dada, sikia nyayo zako zinavyogusa sakafu, halafu sakafu yenyewe inalainika, inammeza hadi magotini, hadi kiunoni, na upande wa pili kuna barabara. Barabara ni ya udongo mbichi, inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena, na kila anapoinua mguu nyumba zinahama. Kuta za nyumba hizo zimesuguliwa kwa kokoto zikang'aa kama vioo, na katika kila ukuta anajiona mwenyewe, asubuhi ya leo, akimsukuma binti yake Nambike. Mtoto kamrukia tu shingoni kumwamkia, kama watoto wote, na mikono ya mama ikamtupa kule kabla akili haijasema neno. Mwanamume aliyekuwa akimkaba Nakijwa shingo, mwaka baada ya mwaka, alishaondoka zamani, lakini mwili kwa ukaidi wake haujapata habari. Ukuta hadi ukuta mtoto anaanguka, anainuka, anaomba radhi. Hilo la kuomba radhi ndilo linalomkata maini.

Njia panda amesimama mtu wa udongo asiye na uso. Shikamoo, anasema Nakijwa, maana hata huku adabu ni adabu. Marahaba, mwanangu, unatafuta nini? Natafuta mikono ya kumshikia mwanangu, hii yangu imeharibika. Kilichoharibika hakifanyi kazi, yako inafanya kazi gani? Inasukuma. Basi hujapotea. Nakijwa anapandwa na hasira, yeye ana shida zake na huyu anamletea mafumbo. Anainama, anachota udongo wa barabara, anafinyanga mtoto wa kujifunzia kukumbatia, na kwa papara yake haukandi kwanza, kosa ambalo wafinyanzi wa kwao Upare wangemcheka hadi jioni, kwani hewa ikibaki ndani, chombo hupasuka motoni. Yeye anahangaika na kope, na kishimo cha shavuni, na mtoto anapendeza kweli. Anamlaza kwenye nyasi kavu, moto unajiwasha, na mtoto anapasuka kifuani. Nakijwa analia kilio cha mfiwa. Umempamba ngozi, anasema asiye na uso, kilichomo ndani hukukigusa. Chukua udongo mwingine. Siwezi, mikono hii haijui upole. Nani amekuomba upole? Sukuma.

Anasukuma. Kwa viganja, kwa mabega, kwa kiuno, kwa chuki yote aliyoinyamazia, na udongo unarudi, anausukuma tena, unarudi, na barabara nzima inakuja mikononi mwake, na nyumba, na kuta, anazikanda humo humo, na hewa inatoka ikilia kidogo kidogo, na koo lake linaachia, pumzi inashuka kifuani, inashuka tumboni, inafika kwenye nyayo. Ni mikono ile ile, na safari hii hakuna aliyeanguka. Utulivu huu unamtisha. Utulivu utadumu? anauliza. Muulize anayekuja nyuma yako, anajibu asiye na uso. Kisha kuna vidole shingoni mwake, vidogo, vinyevu, vimetokea mgongoni. Mama, umelala? Nambike alikuwa akicheza uani kwa Tumsifu, basi huenda ni yeye, huenda Nakijwa mwenyewe ameamka, lakini chini ya miguu bado pana ulaini usio wa sakafu, na Tumsifu hasikiki. Mabega yanapanda. Mikono inainuka kwa kazi yake ya siku zote. Nakijwa anavuta pumzi, anaitafuta njia yake ya kushuka, anaipata, na mikono inatua juu ya vidole vile, inavifunika. Usiondoke, anasema. Hageuki kutazama huyu ni wa dunia ipi. Anaogopa kujua, basi anakaa hivyo hivyo, amemshika, hajamsukuma.