Pawa Saplai Nzito

Dorice alishaikaza skrubu ya mwisho mara tatu, na bado hakuiachia bisibisi. Mezani, kwenye studio yake ya picha pale Kibaoni, kompyuta ilikaa ubavu wazi, kadi mpya ya kuchakata picha imeshachomekwa. Kwenye diski yake kulikuwa na video ya kipaimara cha watoto sitini, na hakuna nakala kwingine. Ikiungua, imeungua. Askofu hatarudi kuwapaka watoto mafuta upya ili Dorice arekodi tena.

"Dada, washa basi," fundi Fortunatus alisema, kidole kikiwa tayari kwenye swichi ya ukutani. "Kadi inataka wati mia nne hamsini, pawa saplai imeandikwa mia sita. Unaogopa nini?"

Hata yeye hakujua. Pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, aliichagua mwenyewe dukani Mpanda. Zilikuwa mbili, akazipima mkononi kama alivyofundishwa na baba yake, mnunuzi wa mpunga kule Usevya: gunia jepesi limejaa pepe, punje tupu zisizo na mchele. Nyepesi akairudisha, nzito akaja nayo akijiona mjanja njia nzima.

Akawasha tochi ya simu, akainama kusoma tena ile karatasi ya ubavuni mwa pawa saplai. Wati 600, maandishi makubwa kama ya bango. Chini yake, kwa vijiherufi vya kuumiza macho: volti 12, ampea 16.

"Fortu, kadi inatumia volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa kumi na mbili mara kumi na sita?"

Fundi akapiga hesabu kwenye simu. "Mia tisini na mbili," alisema, na kidole kikatoka taratibu kwenye swichi.

Waliichomoa pawa saplai, wakaifungua. Ndani, vifaa vichache vya kuhesabika, na pembeni kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi. Hasira zilimpanda Dorice. Akakipiga picha, akamtumia baba yake. Jibu likaja kabla hajakaa.

"Ulichoma bambo?"

Bambo ni kile chuma chenye ncha ambacho mzee hukichoma kwenye kila gunia, aone kilichomo kabla ya kununua. Utoto wake wote Dorice alimshikia gunia akichoma.

"Sikuchoma, baba," aliandika, na aibu ikamuuma kuliko hasira.

Wakarudisha pawa saplai ya zamani na kadi ya zamani. Kompyuta ikaguna, ikawaka. Mtoto wa kwanza akapiga magoti mbele ya askofu, picha ikikwamakwama, na Dorice, kabla ya kitu kingine chochote, akaanza kutoa nakala.