Shahidi wa Nyota ya Kati

Abdillahi wa Timbwani alirudi kutoka chuo kikuu Kampala na masanduku mawili, darubini kuukuu na nusu ya digrii. Nusu iliyobaki, alisema, inakuja kwa meli. Watu wa Likoni wakamwita Profesa Nusu, naye akaitika, maana mwenyewe alijua hata hiyo nusu ni robo.

Mwaka ule wa Madaraka, 1963, wataalamu wa falaki wa ng'ambo waliandika barua kutafuta watazamaji wa nukta moja ya nuru iliyodhaniwa miaka yote kuwa nyota. Kumbe ni kiini cha galaksi, kundi la nyota zisizohesabika, mbali mno hata nuru yake ilianza safari kabla binadamu hajaumbwa; na mara mojamoja hulipuka, iking'ara ghafla. Mwalimu Ngala wa Frere Town ndiye aliyeipanga kazi. Yeye atatazama Kisauni, mwenzake Ruwa Changamwe, Abdillahi Likoni, ili wingu likimziba mmoja, mwengine aone. Kila siku saa mbili na nusu usiku, kila mtu ailinganishe nukta ile na nyota mbili za jirani, moja kila upande, aandike kadi, Jumamosi ampe Ngala. Ikilipuka, Ngala atapeleka telegramu asubuhi yake, darubini kubwa za ng'ambo zielekezwe kabla haijafifia.

Alhamisi moja ikalipuka. Abdillahi alifuta kioo kwa kanzu, akatazama tena. Ya kati imezipita kwa mwangaza jirani zake zote mbili. Akatimka na ndara moja mguuni hadi duka lenye simu, akampigia Ngala.

Ngala alisema Kisauni mvua, Changamwe mvua. Kisha akaongeza:

"Abdillahi, ndugu yangu. Mimi nilikuwa mgeni wenu siku ya mwezi wa karatasi ya sigara."

Miaka miwili nyuma, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Abdillahi alitundika mnazini hilali ya karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara, akaapa mwezi umeandama. Kuku walichinjwa mtaa mzima kabla upepo haujaupindua ule mwezi ukaonyesha mgongo. Tangu hapo ushahidi wake haukubaliwi hata akisema jua limechomoza.

"Niletee shahidi muadilifu," Ngala akasema. "Telegramu siiandiki kwa ulimi wako."

Muadilifu asiyetiliwa shaka Likoni nzima alikuwa shangazi yake, Bi Mwanatabu, aliyewahi kutoa ushahidi kwa kadhi dhidi ya kaka yake mwenyewe, tena kwa ajili ya mnazi mmoja. Na kuku wawili wa ile Idi ya uongo walikuwa wake.

Alimkuta anasuka ukili. Akampa shikamoo tatu, akaapa, akaahidi kuku wanne. Bi Mwanatabu akavaa miwani, akaja, akainamia darubini kwa muda ambao Abdillahi aliona ungetosha kumaliza digrii. Alipoinuka akashika njia ya dukani.

"Mwalimu, ya kati yazishinda zote mbili," alisema kwenye simu. "Hilo nimeliona. Mengine siyajui, ila Jumanne ya wiki jana mvua ilinyesha toka magharibi mpaka alfajiri, na huyu alikuwa kwangu akila mkate wa sinia. Hebu tazama kadi yake yasemaje."

Ilisikika bahasha ikipekuliwa. Abdillahi aliikumbuka vizuri kadi ile: anga safi, mwangaza wa kawaida. Aliiandika mkate ukiwa bado mdomoni.

Telegramu ilikwenda kwa jina la Bi Mwanatabu. Jibu likaja baada ya siku tatu: ni kweli imelipuka, tumeiwahi, ahsante bibi. Kadi kumi na moja za Abdillahi zikachanwa, na Ngala akaamuru kila kadi ya Likoni iwe na sahihi mbili. Shangazi akawa anakuja kila jioni na kigoda chake, anatazama kwanza, mwenye darubini anangoja zamu.

Usiku wa kwanza wa mvua, Abdillahi aliandika: "Wingu. Sikuona kitu." Akaipeleka kadi kwa shangazi, ametota chapachapa. Bi Mwanatabu akaitia sahihi bila hata kutafuta miwani.

"Na wale kuku wanne," akasema, "sijawaona bado."