Mnara wa Kulia

Raphael alipoleta mashine ya picha za rangi, mwaka 1993, Dodoma nzima ilimkimbilia. Picha kwa saa moja, na kila uso mwekundu kama nyanya! Mimi, mchapaji wa picha za nyeusi na nyeupe, nilimdharau tangu siku ya kwanza. Mtu anabonyeza kitufe, eti naye ni fundi.

Basi kamati ya msikiti wetu ilipotaka kuujenga upya mnara uliobomoka zamani, ilibidi waje kwangu. Picha pekee iliyobaki ilikuwa negativu ya kioo ya enzi za Mwingereza, aliyoipiga babu yake Akbarali, tajiri wangu mwenye studio: paa za mji mzima, na mnara umesimama juu yake. Mashine ya Raphael ingekifanya nini kioo? Niliichapa mwenyewe gizani, nikakata ukingoni mwa karatasi maandishi ya Kigujarati nisiyoyajua, nikawakabidhi.

Bi Nazish, mjane aliyezaliwa nyuma ya msikiti ule, aliitazama sana. "Abbasi, mwanangu, mnara ulikuwa kushoto kwa mlango, si kulia kama picha hii. Tukicheza kivulini mwake."

"Mama, mambo ya utotoni husahaulika. Kioo hakisahau."

Kamati wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Mnara ukapanda, kulia. Ulipokwisha kupakwa chokaa, Akbarali aliokota nyuma ya meza kile kipande nilichokikata. Akakigeuza huku na huku.

"Abbasi, maandishi ya babu yamesimama kinyume. Kioo ulikilaza upande gani?"

Upande wenye dawa ya picha haung'ai; kioo kikilazwa kinyume, kushoto hugeuka kulia. Kuutambua ni somo la siku ya kwanza, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha Raphael.

"Utawaambia?" akauliza.

"Ijumaa."

Ijumaa nilikwenda kweli, maneno nimeyapanga. Kamati walikuwa wamejipanga chini ya mnara, Raphael akiwapiga picha. Bi Nazish alisimama kando. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa siku ile, nilikubishia bure. Kichwa kimeanza kuniacha. Nimewaambia wanangu wasiniachie tena funguo wala jiko."

Kamati wote walikuwa wakitusikiliza. Neno moja tu lingetosha.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni uzee."