Mama Anayekunja Mashati

Fundi wa miwani waliyemwita Jicho hakuwa na adabu mbele ya filamu. Watu wengine wakitoka sinema husema "si mbaya" wakaendelea na safari zao. Yeye hakujua kumvisha mtu kilemba cha ukoka, awe mtaani au awe kwenye skrini. Filamu ya polisi iliyosifiwa na mji mzima aliimaliza hivi: "Jambazi amepigwa risasi saba, bado anahutubia. Mimi nikiumwa jino moja siwezi hata kuagiza chai." Filamu ya mapenzi iliyowaliza wake za watu na waume zao aliipa sentensi moja: "Wangeulizana swali moja tu, sote tungewahi kurudi nyumbani."

Maneno hayo aliyasema katika chumba cha nyuma cha duka, lenzi ikiwa kwenye jiwe la kusagia, maji yakidondoka, uji mweupe wa kioo umemfika kwenye vifundo vya mikono. Msikilizaji wake alikuwa dada wa kaunta, aliyeegemea kidirisha kila wateja walipopungua.

"Na ile ya mzimu?" dada akauliza.

"Mlango unalia peke yake, taa zimezimika, wao wanapanda ghorofani kuangalia kuna nini. Hao hawakuuawa na mzimu, dada yangu."

"Ya nyota je? Ile ya chombo cha angani?"

"Wamesafiri miaka tisa kumtafuta baba ambaye hakutaka kutafutwa. Upuuzi. Lakini ile sauti ya pumzi ndani ya kofia niliisikia mpaka mbavuni." Akainua lenzi, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha jiweni. "Kuna moja mzee anamenya chungwa dakika kumi. Hasemi neno. Ukumbi mzima ulitoka. Mimi nilibaki, nikalia, na mpaka leo sijui nililia nini."

Dada wa kaunta hakuwa mtu wa sinema. Alisema haoni haja, kwa sababu chumvi anayotia Jicho filamu zenyewe hazina. Jicho alijifanya kuudhika, ila neno hilo lilimkaa moyoni siku nzima.

Ubingwa huo wa kutia chumvi ulikuwa na asili yake. Mama yao alipofariki, Jicho alikuwa na miaka kumi na minane na mdogo wake minane, na mtoto akaacha kusema. Si kwamba alilia. Alikaa tu. Jumamosi mchana Jicho akitoka karakana hakujua amfanye nini mtoto asiyesema, basi akampeleka sinema, mahali ambapo hakuna anayetakiwa kusema. Ukumbi ule ulionyesha chochote kilichoufikia: vita, mauaji, watu wanaovuana nguo, na mlangoni hakuna aliyeuliza umri wa mtu. Mambo yakichafuka kwenye skrini, Jicho alimfunika mtoto macho kwa kiganja na kumnong'oneza sikioni kinachotokea. Kinachotokea kilikuwa chake mwenyewe. Kwenye skrini mtu anachinjwa, sikioni mwa mtoto mtu yule yule anaomba radhi na kupewa maji ya kunywa.

Mtoto alianza kusema tena humo humo ukumbini. Neno lake la kwanza baada ya miezi lilikuwa "halafu?"

Sasa mdogo wake huyo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, na alikuwa ametengeneza filamu. Filamu kweli, ndefu, yenye bango ukutani. Ilipofika siku ya kuionyesha kwa mara ya kwanza Jicho alipiga pasi shati mara mbili na kumwambia dada wa kaunta anakwenda tu kwa sababu amealikwa. Uongo mtupu. Alikuwa hajalala vizuri kwa wiki moja. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: alitaka kujiona mle ndani, hata kwa kisogo, hata akiwa mtu anayepita nyuma ya meza na sahani mkononi.

Filamu ilihusu mtoto aliyeachwa na mama yake, akakulia kwenye viti vya sinema. Jicho akakaa sawasawa. Akakitambua kiti cha mbao kinachobana vidole, akautambua mlango wenye pazia zito. Mtoto akaingia, akakaa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Jicho akajiambia subiri, hadithi ndiyo kwanza inaanza. Zikapita dakika ishirini, zikapita arobaini, mtoto akaugua, akapona, akaanza shule, akapigwa na wenzake, akakimbilia sinema, na kiti kile kikabaki hivyo hivyo. Jicho akaanza kuangalia pembeni za picha, kwenye umati, kwenye vivuli, kama mtu aliyepoteza funguo. Hakuwemo.

Ndipo likaja tukio la mama. Ni kabla hajaondoka, alfajiri, mtoto amelala. Mama anakunja mashati. Anayakunja moja moja taratibu, anayapanga juu ya kitanda, na anapofika kwenye shati la mwisho vidole vyake vinafunga vifungo mpaka vinafika pasipo na kifungo, navyo vinafunga hivyo hivyo, kifungo kisichokuwepo. Kisha anavua viatu, anavishika mkononi ili visilie sakafuni, anatoka. Basi. Dakika nne bila neno. Watu ukumbini wakaanza kuvuta makamasi huku na huku.

Jicho hakulia. Alikuwa amepigwa na butwaa, maana tukio lile alilijua neno kwa neno.

Filamu ilipokwisha mdogo wake aliitwa mbele. Mwanamke aliyeongoza mazungumzo alivaa miwani ambayo Jicho aliitambua, lenzi zake alizisaga mwenyewe. Alishika maikrofoni akasema kwamba tukio la mashati ni la ajabu, hajaona kitu kama kile, limetoka wapi?

"Niseme ukweli, lile si langu," mdogo wake akajibu. "Nilikuwa na miaka minane. Niliingia sinema, ikaonyeshwa filamu moja ya zamani ya vita, na ndani yake mama anakunja mashati kabla ya kuondoka. Sijawahi kulisahau. Hapa nimelipa heshima tu."

Makofi yakazidi, kwa sababu watu wanampenda msanii mkweli. Jicho alisikia moto ukimpanda shingoni. Niliingia, amesema. Niliingia.

Filamu ile ya vita Jicho aliikumbuka kuliko alivyotaka. Askari walifika kwenye nyumba, wakamtoa mwanamke uani, wakampigisha magoti. Ilikuwa ni miezi minne tangu wamzike mama, na wiki chache tangu mtoto aanze tena kusema. Akamfunika mtoto macho upesi, akahisi kope zikipapasa kiganja, na mtoto akauliza, "Mama anafanya nini?" Jicho akatazama chini kutafuta lolote la kusema, akaliona shati lake mwenyewe, lile la bluu ambalo kifungo cha pili kilikatika na nyumbani hakukuwa na wa kukishona. Akasema, "Anakunja mashati." Mtoto akasema, "Halafu?"

Alimpata mdogo wake kwenye korido, watu wamemzunguka. Mdogo wake akawapenya akaja kumkumbatia.

"Kaka. Umeionaje?"

"Nitakuambia."

"Wewe?" Mdogo wake akacheka. "Tangu lini unasubiri? Wewe si huwa unahukumu kabla taa hazijawaka?"

"Yule mtoto wako hana kaka," Jicho akasema.

Mdogo wake akamvuta pembeni, karibu na ngazi. "Alikuwepo, nakuapia. Kwenye maandishi ya kwanza alikuwepo. Lakini haikwenda, Kaka. Mtoto akiwa na kaka watu hawamwonei huruma. Wanasema, ah, huyu ana mtu."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Lakini ile ni filamu."

Hilo Jicho angeweza kulisamehe, au angalau angelizoea. Filamu ngapi alizilaumu kwa kubeba watu wasio na kazi? "Na mashati?" akauliza. "Lile tukio halimo kwenye filamu ya vita. Nilikusimulia mimi. Yule mama alipigwa risasi uani, mimi nikakufunika macho. Kifungo kile kilikuwa cha shati langu."

Mdogo wake alimtazama kwa upole ambao Jicho aliuona mbaya kuliko tusi. "Kaka, nililiona kwa macho yangu. Nakumbuka mpaka rangi ya shuka."

"Macho yako yalikuwa chini ya mkono huu."

"Nilikuwa nachungulia katikati ya vidole. Kila mara. Ulikuwa hujui?" Watu walimwita, akageuka nusu. "Usijali. Filamu hiyo nitaitafuta. Nitakuletea uione mwenyewe."

Akaileta kweli, siku ya Jumatano saa saba mchana. Dada wa kaunta alikuwa amefunga mlango wa mbele kwa mapumziko. Mdogo mtu akasogeza trei ya fremu, akaiweka kompyuta juu ya meza ya kazi, akaifuta vumbi la kioo kwa mkono wa shati.

"Nimeipata kwenye hifadhi ya filamu," akasema. "Wameisafisha picha kwa picha. Hakuna nakala kamili kuliko hii duniani."

Wakatazama wote watatu, dada amesimama mlangoni na kikombe chake. Kwa mara ya kwanza maishani Jicho alitazama filamu bila kutia neno, ingawa yalikuwepo ya kusema: farasi wale wale walipita mara tatu wakijifanya jeshi, na jenerali alikuwa na saa ya mkononi. Askari wakafika kwenye nyumba. Mlango ukavunjwa. Mwanamke akatolewa uani, akapigishwa magoti, na picha haikuhama. Haikwenda chumbani, haikwenda kitandani, ilibaki pale mpaka alipoanguka, na baada ya kuanguka ikabaki tena muda mrefu usio na huruma. Halafu wakaja farasi.

Jicho alimwona mdogo wake jinsi alivyoukaza mkono ukingoni mwa meza, na akajua kwamba tukio lile analiona leo kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuchungulia katikati ya vidole. Miaka ishirini na minane imepita, na kwa sekunde chache Jicho alitaka kunyoosha mkono amfunike tena.

"Hii imekatwa," mdogo wake akasema.

"Si umesema kamili?" dada akauliza kutoka mlangoni.

"Wanakata, dada. Filamu za zamani zimekatwakatwa sana. Kuna nakala nyingine, lazima."

"Mdogo wangu," Jicho akasema.

"Lazima ipo."

"Niangalie."

Hakumwangalia. Alirudisha picha nyuma, akaitazama tena milango, kona za chumba, kitanda kilichoonekana mara moja kwa mbali, hakina hata shuka. Akaisimamisha hapo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hata kama ulinisimulia, Kaka. Wewe ulisema maneno. Mimi ndiye niliyeiona picha. Kama nisingeiona, leo ingekuwa wapi?"

Ubaya wake ni kwamba palikuwa na ukweli ndani yake. Jicho angekufa na mashati yale kifuani, asiyaonyeshe mtu. Lakini shukrani ya punda ni mateke, na teke likishakufika mbavuni huulizi tena punda alikuwa na hoja gani. Aliumia. Aliumia kuliko siku ile ya ukumbini, kwa sababu siku ile alidhani mdogo wake hajui.

"Jumamosi unaionyesha tena filamu yako," akasema. "Wakikuuliza tukio la mashati limetoka wapi, utasema nini?"

"Kaka, nimeshalisema kila mahali. Limeandikwa. Nikibadilisha sasa nitaonekana mwongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitasema nilichosema." Akafunga kompyuta polepole. Alikuwa amekunja uso kama alipokuwa mtoto akisubiri kufokewa, na pengine alitaka kupatanisha, maana akaongeza kwa sauti ya utani, "Na wewe bado hujaniambia. Dunia nzima imesema, wewe tu ndiye umebaki. Filamu yangu umeionaje?"

Dada wa kaunta akatazama ndani ya kikombe. Jicho alikuwa na majibu mawili mdomoni. Moja lilikuwa "nzuri", neno dogo tu, na mdogo wake angelichukua akaenda nalo, na wangekula pamoja Jumapili kama kawaida. Lakini mtu aliyezoea kusema kweli kuhusu majambazi na mizimu hajui kulegeza ulimi siku anapouhitaji ulegee.

"Ina tukio moja zuri," akasema. "Mengine ni yako."

Mdogo wake akaitia kompyuta kwenye mkoba, akakosea zipu, akaifunga upya. Akatoka bila kubamiza mlango. Jicho alibaki amesimama katikati ya fremu za watu, akayapima maneno yake tena kama alivyopima filamu zote. Hayakuwa na kosa hata moja, naye hakuwa na ndugu mwingine duniani.