Dalali Hajamaliza

Fundi cherehani aliingia kwenye mkutano mkuu wa wataalamu wa tiba ya usemi kwa njia ya halali kabisa: aliona tangazo, akabonyeza. Tovuti ya chama chao ilikuwa wazi kwa kila mtu, video za mazoezi upande huu, tangazo la mkutano upande ule, tena kwa herufi kubwa: SAUTI KWA KILA MTU, KARIBUNI NYOTE. Yeye na mumewe ni watu, wamekaribishwa, basi wakaenda. Alivaa hata gauni la kutokea, ingawa kamera alikuwa ameizima.

Mumewe alikuwa dalali wa mnada, mtu aliyeweza kukuuzia kiti kibovu ukaondoka ukimshukuru. Halafu kiharusi kikampiga, kikamwachia akili timamu, mkono mmoja wa kazi na vipande vya maneno. Mtaalamu wa karibu zaidi alikuwa kwenye hospitali ya mbali, yenye foleni isiyosogea. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele zake, wawili hao waliketi mbele ya kompyuta ya kuazima wakifuatisha video za mama mmoja mwenye midomo mipana, ambaye dalali alimkubali kuliko alivyowahi kumkubali mtu yeyote wa ukoo wa mkewe. Kwa mama huyo fundi alijifunza sheria moja iliyomtesa kwelikweli: mgonjwa akianza neno, usimmalizie, ngoja. Yeye, aliyekuwa akimmalizia mumewe sentensi tangu enzi za uchumba!

Ajenda kuu ilikuwa kuzifunga video hizo kwa neno la siri, zionekane kwa wanachama peke yao.

"Watu huko mitaani wanajitibu wenyewe," alisema Mwenyekiti, bwana mwenye sauti laini iliyotunzwa vizuri. "Sisi tutabaki na kazi gani?" Kila aliyeomba nafasi alipewa, kisha akaambiwa awe mfupi kabla hajafungua mdomo. "Haya, kuna anayepinga?"

Fundi akaisogelea kompyuta. Video zikifungwa, mumewe ndiyo basi tena, maana hapo mtaani hapakuwa na mwingine wa kumfundisha. La kusema alikuwa nalo, lakini aseme kama nani? Akawasha kamera, akawasha na sauti, kisha akagwaya.

Ndipo dalali alipofumba macho, kama alivyozoea kila akitafuta neno, akaanza. "M... m..."

Mwenyekiti alifungua mdomo, akaufunga. Amkatizeje? Kwenye vile visanduku vya kioo, chama kizima kilitulia kikangoja. Hiyo ndiyo kazi yao, wameisomea. Wenzao walikuwa wakiwakatiza bila haya tangu asubuhi, lakini mgonjwa akitafuta neno, mtaalamu hatazami saa. Neno lenyewe lilikuwa limemjaa fundi mdomoni mpaka midomo inamuuma. Akaibana.

"M... msi... msifunge."

Makofi! Ajenda ikasahaulika. Huyu akasifu pumzi, yule akasifu irabu ya mwisho, mwingine akauliza kama inaruhusiwa kurekodi. Mama wa video, kumbe naye alikuwapo, akafuta machozi. Fundi akashusha pumzi, akajua mambo yameiva.

"Hongereni sana," alisema Mwenyekiti, naye alifurahi kwa dhati. "Mnaona, ndugu zangu? Kumbe mazoezi yetu yana thamani kiasi hiki, halafu tunayaanika bure! Jamani, si ndiyo sababu ya kuyafunga?" Vichwa vikaanza kukubali, kimoja baada ya kingine. "Na wewe mama unayemhudumia, uko tawi gani la chama?"

"Mimi ni mke wake," fundi alijibu. "Nashona nguo."

Mwenyekiti akaeleza, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, kwamba kikao ni cha wanachama, kanuni ni kanuni, na itabidi awatoe. Dalali alikuwa ameshafumba macho tena.

"Na... nawa..."

"Mwenyekiti, hajama—" ilisikika sauti ya mama wa video, kisha kioo kikawa cheusi.

Fundi alipandwa na hasira. Matusi aliyokuwa nayo yangetosha chama kizima na matawi yake, na alidhani mumewe naye anatafuta la kwake, akawa radhi kabisa kumsaidia. Lakini alingoja. Jirani alipita dirishani akabisha hodi, hakuitikiwa.

"Nawa... shu... nawashukuru."

Lilitoka zima, neno refu kuliko yote tangu augue, na hapakuwa na mtaalamu hata mmoja wa kulisifu. Fundi akaifunika kompyuta upesi kabla mumewe hajafumbua macho.

"Wa... wame...?" dalali aliuliza, jasho likimtiririka.

Hapo uvumilivu ukamshinda, akammalizia.

"Wamesikia, mume wangu," alisema. "Wote wamesikia."