Dada wa Same

Pius alikuwa na dada aliyemtunga mwenyewe. Wengine hutunga nyimbo, wengine hutunga visingizio vya kukwepa kazi. Yeye alitunga mtu mzima, mjane mwenye goti bovu na mbuzi kumi na mmoja, akampa jina la Agnesi, akamweka Same, juu kwenye mteremko wa mlima ambako hakuna mtu wa Kariakoo angemfikia. Kwa miaka karibu ishirini dada huyo aliishi bila kumsumbua mtu. Balaa lilianza mwaka wa themanini na moja, Bi Zamda alipopata mkwe.

Lakini tusianzie mkiani. Kosa la kwanza lilikuwa la karatasi. Pius alipoajiriwa utarishi katika ofisi moja ya serikali kule Kivukoni, karani alimwuliza, "Kwenu wapi?" Swali hilo mtu hulijibu hata usingizini. Pius hakuwa na jibu. Alizaliwa kambini, katika shamba la mkonge lililokuwa chini ya Same. Mama yake alikuwa manamba, mmoja wa vibarua walioletwa kutoka kusini, na ni kusini ipi hakuna aliyemwambia. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka sita, watu wa misheni wakamchukua, wakamlea na kumbatiza. Kwa hiyo akasema, "Same," karani akaandika, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili serikali ilimpa likizo na waranti ya reli ya kumpeleka kwao. Waranti haina mjadala. Huwezi kuiambia ikupeleke Bagamoyo ukapunge upepo. Ilisema Same, akaenda Same.

Aliporudi mara ya kwanza, Bi Zamda, mwenye nyumba wake wa Mtaa wa Mahiwa, alimkuta uani akinawa vumbi. Akamwuliza kama anavyouliza mtu yeyote mwenye adabu, "Huko kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nani na nani?"

Bi Zamda hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la jumla. Basi Agnesi akazaliwa pale pale, kati ya ndoo na kamba ya kuanikia nguo.

Tangu siku hiyo kila likizo ilipofika, Bi Zamda alimletea doti ya khanga. "Mpe shoga yangu, mwambie asiniangalie vibaya, ni kidogo." Hata miaka ile ambayo khanga ilitafutwa kama dawa, mama yule wa pwani alipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Pius naye alirudi na asali na tangawizi ya milimani, na hadithi. Mwaka mmoja tembo walitoka mbugani wakamaliza mahindi ya Agnesi. Mwaka mwingine mbuzi wake alizaa mapacha. Mzee Mwinyimvua, balozi wa nyumba kumi, aliulizia lile goti kwa jina kana kwamba ni jirani.

Nisimsingizie Pius kwamba alipenda uongo. Alipenda zile jioni mbili tatu za kurudi likizo, wapangaji wote wakiwa wamekaa barazani wanamsikiliza. Siku nyingine za mwaka alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu mpole asiyesumbua, na mtu asiyesumbua husahaulika upesi.

Sasa huyo mkwe. Sitara, binti wa Bi Zamda, aliolewa na Seifu, dereva wa Idara ya Wanyamapori, na haukupita mwezi Seifu akahamishiwa Same. Bi Zamda alikuja mbio chumbani kwa Pius na furaha zake zote.

"Pius, sasa na mimi nina kwetu Same! Idi ikipita nakwenda kumwona mwanangu. Na usiku wa pili silali kwa mkwe, nalala kwa Agnesi. Kamwambie ajiandae."

"Nitamwambia," alisema Pius.

Likizo yake ilikuwa mwezi uliofuata, ya mwisho kabla ya kustaafu. Alipanda treni na ile doti ya khanga kwenye mkoba, safari hii kaipokea kama mtu aliyepokea hati ya kuitwa mahakamani.

Same ni mji mdogo ambao mvua huuona kwa mbali. Milima iko nyuma yake, mirefu na ya kijani juu kabisa ambako mawingu hukaa. Lakini mvua huishia huko huko, mji hupata upepo. Na upepo wenyewe hauna heshima, unakuvua kofia mbele za watu na kukujaza vumbi mdomoni kabla hujamaliza salamu. Mbele ya mji ni nyika tupu ya migunga na minyaa, inakwenda hadi mbuga ya Mkomazi, na ng'ambo ya mpaka mbuga nyingine tena. Asubuhi ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana upande mmoja, nyeupe kichwani. Wazungu wa kwenda kutazama wanyama walisimama pale kunywa chai, wakapiga picha, wakaenda zao. Pius alikaa siku ishirini na nane.

Alikaa gesti, ile ile, kwa Eliakimu. Ilikuwa mara yake ya kumi.

"Karibu, mgeni," alisema Eliakimu, akamsogezea daftari la wageni.

Pius akaandika jina. Atokako, Dar es Salaam. Palipoandikwa kabila alipaacha wazi kama siku zote, na Eliakimu kama siku zote hakuuliza. Heri angeuliza. Chumba kilikuwa na kitanda, beseni na dirisha la kuelekea nyikani. Mchana Pius alitembea mpaka sokoni na kurudi. Jioni alikaa mlangoni akitazama watu wakiitana majina. Mji mzima ulijuana, mpaka mbwa. Aliwaamkia, wakamwitikia vizuri kabisa, na kila mmoja akaenda kwao.

Mara moja tu, miaka ya nyuma, alikwenda mpaka lile shamba la mkonge. Alikuta misingi ya mabanda na mkonge uliogeuka pori. Makaburi ya manamba hayakuwa na alama. Alisimama akachagua mahali pa kuita kaburi la mama yake, akaona anajidanganya, akarudi.

Khanga za Bi Zamda alimpa Hyasinta, mama aliyeuza makande pale stesheni. Mara zote nane alizipokea akisema, "Mungu akuzidishie, mgeni," akazikunja chini ya sufuria. Safari hii Pius alimpa ya tisa, akala makande yake mpaka mwisho, akakohoa.

"Mama Hyasinta, nina ombi. Mwezi wa nane atakuja mama mmoja kutoka Dar. Naomba umwambie wewe ni dada yangu. Siku moja tu. Na jina lako ni Agnesi."

Hyasinta akaweka mwiko chini.

"Dada yako wa baba au wa mama?"

"Vyovyote."

"Hakuna vyovyote hapo. Ukiwa wa baba una haki ya shamba la juu. Ukiwa wa mama wajomba watataka kujua." Macho yake yakawa madogo. "Kumbe khanga zote hizi ulikuwa unatafuta shamba! Baba, sisi Wapare tuuzie yote lakini si kesi, kesi tunazo wenyewe. Nina kaka wanne, na wote wana mapanga."

"Sitaki shamba, mama. Nataka kuwa na mtu, siku moja."

Hyasinta hakuwa mtu mbaya. Lakini alitoa ile khanga chini ya sufuria, akaikung'uta, akamrudishia.

Ndani ya treni ya kurudi Pius aliwaza usiku kucha, na kwa mtu aliyebanwa kila tundu ni mlango. Aliingia Mtaa wa Mahiwa na mkoba wake, akamkuta Bi Zamda barazani anachambua mchicha.

"Huko kwenu hawajambo?"

"Bi Zamda, Agnesi hatunaye. Tumezika Jumatatu."

Alidhani atapewa pole, kikombe cha chai, na mambo yaishe. Miaka ishirini Kariakoo, na bado hakuwajua watu wa Kariakoo! Bi Zamda alipiga ukunga uliosikika mpaka Mtaa wa Sikukuu. Mchicha ukamwagika. Kufumba na kufumbua majamvi yametandikwa, wanawake ndani, wanaume barazani na nusu ya barabara. Mzee Mwinyimvua alikimbilia kibali cha sukari ya msiba. Majirani walileta unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, waliopimiwa kwa foleni, wenzake wa ofisini wakaja na kuni kubwa kubwa kwenye mkokoteni, Wakristo wa mtaa wakaja na vitabu vya nyimbo, na Waislamu wakaitikia amina. Kila mtu alikuwa na la kumsimulia mwenzake juu ya marehemu, jinsi alivyokuwa na moyo, jinsi tembo walivyomwonea.

Pius aliwekwa katikati ya jamvi, akiwa na shuka mabegani. Alikuwa amejiandaa kujifanya analia. Kumbe haikuhitajika. Mtu wa kwanza alipomshika mkono akamwambia, "Pole, ndugu yetu," kilio kilimtoka tumboni, kikubwa, kibaya, mpaka akashindwa kupumua. Alilia siku ya kwanza, akalia ya pili.

Siku ya tatu alasiri, kabla ya kuanua tanga, Bi Zamda alimwita jikoni uani. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa anapepeta mchele.

"Pius mdogo wangu, jikaze. Nimempigia Seifu simu leo, nimekwenda posta mwenyewe. Kesho yeye na Sitara wanakwenda kwa wafiwa na kuzuru kaburi. Na arobaini tunakwenda wote, nyumba nzima. Mzee Mwinyimvua anatafuta lori."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Pius alishika nguzo ya jiko.

"Usiwatume, Bi Zamda. Hakuna kaburi."

"Mmemtupa?"

"Hakuna Agnesi. Hajapata kuwapo. Sina dada. Sina mtu yeyote, kule wala kwingine. Huwa nalala gesti."

Ungo ulisimama. Barazani watu walikuwa wakiongea kwa sauti za chini.

"Na khanga zangu?"

"Nilimpa mama mmoja muuza makande."

"Alishukuru?"

"Alishukuru. Ya mwisho kanirudishia."

Bi Zamda alitua ungo chini polepole.

"Mimi kila Ijumaa namwombea goti lake. Nimemlilia siku tatu mpaka sina koo. Sasa niambie, Pius, mimi nimefiwa na nani?"

Pius aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya uani ni ya saruji. Bi Zamda alimtazama kwa hasira isiyo na sauti.

"Na wewe? Nilikuona jamvini unatoka kamasi kama mtoto. Ulikuwa unatuchezea?"

"Hapana. Hilo halikuwa uongo."

"Ulikuwa unamlilia nani?"

"Mama yangu." Alisema hivyo, akashangaa mwenyewe. "Alifia kambini, kwenye mkonge. Nilikuwa na miaka sita. Waliponifunika shuka hapo nje nilimkumbuka yeye."

"Nani alikaa matanga yake?"

"Hakuna. Manamba hawakuwa na matanga. Asubuhi kengele ililia, watu wakaenda kukata."

"Jina lake?"

"Severa."

Bi Zamda alichukua tena ungo. Akapepeta, akapepeta, mchele ambao ulikwisha kuwa safi. Kisha akafunga khanga yake vizuri kichwani, akapita mbele ya Pius bila kumtazama, akaenda mpaka mlango wa mbele.

"Jamani," alisema kwa sauti yake ile mbovu, "leo hatuanui. Tunakaa siku nyingine."

Minong'ono ikapita. Mzee Mwinyimvua alisogea. "Bi Zamda, unga umekwisha, na watu wana kazi."

"Mwenye kazi aende. Unga natoa mimi."

Wengine waliondoka, huku wakisema huyu mama kazidi. Wengine walibaki, labda ishirini. Bi Zamda alirudi uani, na alipofika alipokuwa Pius alisema tu, tena akitazama ukuta, "Seifu nitamzuia. Nenda kakae jamvini." Hasira yake haikuwa imeisha, na haikuisha mwaka ule wala uliofuata.

Pius akaenda kukaa. Karani mmoja wa ofisini, kijana aliyechelewa kupata habari, alikuja kukaa karibu naye, akampa mkono.

"Pole sana, mzee. Marehemu alikuwa mtu wa umri gani?"

"Sijui," alisema Pius. "Alikuwa bado kijana."

Watu wakatazamana. Agnesi wote walimjua, mtu mzima, mwenye wajukuu. Mzee Mwinyimvua alifungua mdomo, lakini kutoka mlangoni Bi Zamda akasema, "Mwacheni aseme."

Basi Pius akasema. Marehemu alikuwa mfupi, mweusi sana. Mikono yake ilikuwa na vidonda vya miiba ya mkonge, na jioni alimpa mwanawe kazi ya kuitoa kwa sindano. Alipenda kula udongo wa kichuguu. Alikuwa na wimbo mmoja wa kwao, maneno yake Pius hakuyaelewa tangu zamani. Aliugua siku mbili. Alisema yote aliyokuwa nayo juu ya mama yake, na hayakufika hata robo saa.